Neno lipo, kamusi inasema halipo

Periplus ya Bahari ya Erithrea, mwongozo wa kale wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki, sura ya 16. Mwandishi, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, amefika mwisho wa pwani ya Azania, yaani Afrika Mashariki, na anaitaja bandari ya mwisho kabisa: Rhapta. Jina hilo, anaeleza, limetokana na ῥαπτῶν πλοιαρίων. Msomaji ananakili neno la kwanza kati ya hayo mawili, analibandika kwenye kisanduku cha kutafutia cha kamusi ya Kigiriki cha kale, anabonyeza.

Hakuna matokeo.

Anajaribu bila alama za juu: ραπτων. Hakuna matokeo. Anajaribu kwa herufi zetu: rapton. Sasa kamusi inamuuliza kama alikusudia neno jingine, lisilohusiana kabisa na bandari wala mashua.

Na neno limo humo humo. Kitomeo ῥαπτός, yaani neno na maelezo yake, kimekaa mahali pake chini ya herufi rho, na maana yake haina utata: kilichoshonwa. Rhapta ilipewa jina la vyombo vidogo vya kushonwa, ndugu wa mtepe wetu, ambao mbao zake zilifungwa kwa kamba pasipo msumari. Habari yote hiyo ilikuwa umbali wa herufi mbili za mwisho.

Kwa wiki kadhaa jibu hilo limenikera kuliko kosa lolote la tafsiri. Kosa la tafsiri hubishaniwa. "Hakuna matokeo" hufunga mlango, na mwanafunzi huondoka akiamini kuwa aliyekosea ni yeye.

## Maana ni bure

Ukimwambia mtu unatengeneza kamusi ya Kilatini ya mtandaoni, atakuonea huruma kwa ajili ya maana: maneno maelfu kwa maelfu, nani atayaandika? Yameshaandikwa. Kamusi ya Lewis na Short ilichapishwa 1879, nayo ilijengwa juu ya kazi ya Mjerumani Wilhelm Freund. Haki za kunakili zimekwisha zamani. Mradi wa Perseus wa Chuo Kikuu cha Tufts uliiingiza yote kwenye kompyuta, vitomeo zaidi ya 50,000, vikiwa na alama za XML zinazoonyesha maana inaanzia wapi na nukuu inaishia wapi. Kwa Kigiriki kuna Liddell na Scott, toleo la kwanza 1843, la tisa 1940. Usiku mmoja wa bando la kutosha, vyote viko kwenye diski yako.

Sharti lipo, nalo lisomwe kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu. Data ya Perseus hutolewa kwa leseni inayodai mambo mawili: utaje ulikoitoa, na ulichokijenga juu yake ukitoe kwa leseni hiyo hiyo. Ukiongeza maelezo yako ya Kiswahili ndani ya vitomeo hivyo, nayo yanaingia kwenye sharti hilo. Mtu aliyepanga kuuza kamusi yake hugundua jambo hili mwishoni, na mwishoni ni mahali pabaya pa kuligundua.

Kazi yenyewe iko mlangoni. Namfikishaje msomaji kutoka umbo aliloliona kwenye ukurasa hadi kidahizo, lile neno la kichwa lililo kwenye kamusi?

Sisi tulio ndani ya Kiswahili tunalielewa swali hili haraka. Mgeni akikuta "sikumwambia" kitabuni, atafute wapi? Chini ya S hapati kitu. Lazima ajue kwamba si- imebeba nafsi na ukanushi, -ku- wakati, -mw- mtendewa, ndipo aifikie "ambia" chini ya A. Na "njoo"? Hakuna kanuni ya kukata viambishi itakayokutoa kwenye njoo ikufikishe kwenye ja. Mtu inambidi akae, aandike kwa mkono: hili ni la lile.

Kiswahili kinajificha mbele ya neno. Kilatini kinajificha nyuma. Kigiriki huvaa pande zote mbili, na Kiebrania na Kiakadi hubadilisha hata tumbo.

Hesabu ya Kilatini ni hii. Chukua amo, penda. Kauli ya taarifa ya kutenda ina nyakati 6 mara nafsi 6, yaani nafasi 36. Hali tegemezi ya kutenda inaongeza 24. Kutendwa, kwa nyakati zisizohitaji kitenzi kisaidizi, kunaongeza 30. Hizo ni 90, na hujagusa amri, wala vile vivumishi vinavyozaliwa na kitenzi, ambavyo kimoja kimoja kina jinsia 3, maumbo ya uhusika 6 (yanayoonyesha kazi ya neno katika sentensi), umoja na wingi: nafasi 36. Kidahizo kwenye kamusi ni amo peke yake, moja kati ya zile 90. Anayesoma hakutani na amo. Anakutana na amaverint.

Ndiyo maana kitomeo cha kitenzi lazima kihifadhi sehemu nne, kama hizi za "beba": fero, ferre, tuli, latum. Zote nne, kila moja kwenye safu yake. Ukiipa programu ya kwanza tu, itajizalia kitu kama "feravi", neno ambalo hakuna Mrumi aliyelitamka, na tulerat itabaki yatima kama njoo.

## Kila neno mara mbili

Kanuni ya kwanza ya kiufundi haina mjadala: neno lihifadhiwe mara mbili. Safu moja ya kuonyesha, safu nyingine ya kutafutia.

Safu ya kuonyesha inabaki na heshima zake zote, vistari vya irabu ndefu na kila kitu. Safu ya kutafutia inavuliwa nguo. Kwa Kilatini: geuza maandishi kuwa NFD, yaani lile umbo la Yunikodi (mfumo unaoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta) ambamo alama ya juu hutenganishwa na herufi yake; futa alama zote kuanzia U+0300 hadi U+036F; fanya herufi zote kuwa ndogo; v iwe u, j iwe i. Hapo iam na jam zinakutana, virtus na uirtus zinakutana, na ugomvi wa wahariri wa karne nne kuhusu herufi hizo unabaki kuwa wa kwao.

Halafu æ na œ. Hizi NFD haizigawanyi, kwa sababu Yunikodi inazihesabu kuwa herufi kamili. Andika kanuni yake pembeni: ae, oe. Ukiisahau, cælum halitapatikana, na watakaoumia kwanza ni waseminari wetu wa Tanzania, Kenya na Kongo, maana vitabu vya liturujia vimejaa æ. Vimejaa pia alama za mkazo, Dóminus vobíscum. Hiyo si alama ya urefu wa irabu; ni ya kumsaidia anayesoma kwa sauti ajue pa kukazia. Ukifuta vistari vya urefu peke yake ukaiacha alama ya mkazo, misale nzima inakuwa haisomeki kwa kamusi yako.

Kichujio hicho hicho kilipitie neno la kamusi na neno la msomaji. Linasikika kama jambo la wazi. Lakini kosa ninalokutana nalo zaidi kwenye kamusi za aina hii ni hilo: vidahizo vilichujwa mwaka juzi kwa programu moja, maswali ya wasomaji yanachujwa leo kwa programu nyingine, na hizo mbili zinatofautiana kwa herufi moja tu.

Kigiriki kina mitego yake, na mingi haionekani kwa macho. Alfa yenye mkazo ina namba mbili katika Yunikodi, U+03AC na U+1F71. Kwenye skrini ni pacha, kwa kompyuta ni wageni hadi uzipitishe kwenye mchujo. Sigma ya mwisho wa neno ina namba yake, tofauti na sigma ya katikati. Alama ya herufi iliyodondoshwa, kama kwenye ἀλλ’, inaweza kuwa U+2019, U+1FBD, U+02BC au ile ya kawaida ya kibodi, kutegemea aliyechapa alikuwa na haraka kiasi gani. Na mkazo wa mviringo, ambao kihalali ni U+0342, hupatikana kwenye faili nyingine ukiwa umeandikwa kwa kiwimbi cha Kihispania, U+0303. Hiyo ya mwisho mchujo wa Yunikodi hauirekebishi, kwa sababu kwake hizo ni alama mbili tofauti kweli kweli.

Anayeandika kwa herufi zetu naye apewe njia. Zamani kabla ya Yunikodi wataalamu waliandika Kigiriki kwa mfumo uitwao Beta Code, ambamo neno letu ni r(aptw=n. Wazee wa fani bado huandika hivyo bila kufikiri. Kwa hiyo omega ikubaliwe kama w na kama o, theta kama q na kama th.

## Ulichokifuta usikisahau

Hapa ndipo niliposita.

Vua alama zote kwenye ῥαπτῶν, unabaki na ραπτων. Sasa tafuta ni nani wengine waliobaki na ραπτων baada ya kuvuliwa. Yupo ῥάπτων, mwenye kushona, kutoka kitenzi ῥάπτω. Na yupo Ῥάπτων, "ya Rhapta", jina la bandari yenyewe likiwa katika jenitivu, umbo la umiliki. Kilichoshonwa, anayeshona, na mji uliopewa jina la kilichoshonwa. Wagiriki waliowatenganisha kwa sauti hawapo. Zimebaki alama, na sisi tumezifuta ili mwanafunzi asikwame.

Mfano mwingine ni τιμή na τιμῇ. Ile iota ndogo ya chini na aina ya mkazo ndivyo vinavyotofautisha "heshima" na "kwa heshima". Navyo viko ndani ya U+0300 hadi U+036F, kwa hiyo vinafagiliwa pamoja na takataka.

Nilidhani kwa muda kwamba dawa ni kufuta kidogo. Sivyo. Dawa ni kufuta yote kwa ajili ya kutafuta, kisha kurudi kulinganisha na kile msomaji alichoandika kweli. Aliyeandika ῥαπτῶν na alama zake zote apewe ῥαπτός kwanza, hao wengine wawili chini. Aliyeandika rapton apewe wote watatu kwa usawa, kwa sababu hakusema zaidi ya hapo. Kiufundi ni safu moja ya alama: pointi 3 kwa ulinganifu kamili, 2 kama tofauti ni mkazo tu, 1 kama ni herufi tupu zilizokutana. Ni mistari isiyozidi ishirini ya programu, na ndiyo mistari inayoachwa na wengi.

Kilatini kina balaa hilo bila hata kufuta, maana vitabu vingi vya Kilatini havichapi vistari vya urefu. Venit ni "anakuja" irabu ikiwa fupi, "alikuja" ikiwa ndefu. Latus ni ubavu. Lātus ni -pana, au ni "iliyobebwa", mtoto wa fero. Malum ni uovu, mālum ni tunda la tofaa. Na est, neno ambalo kila mwanafunzi huliona siku ya kwanza, ni "ni" kutoka sum, lakini ēst ni "anakula" kutoka edo. Kamusi isiyojua mpangilio itaweka "anakula" juu kwa sababu E inatangulia S. Deus est, Mungu anakula.

Kupanga kwa wingi wa matumizi kunatibu hilo. Kunaleta ugonjwa mwingine: maana adimu huzama, na mwanafunzi hajui kwamba siku moja atasoma sentensi ya Plautus, mtunzi wa tamthilia wa Kirumi, ambamo mtu anakula kweli. Mimi ningeweka la kawaida juu, la adimu chini yake palepale kwenye skrini, pasipo kubonyeza "zaidi". Kificho cha mbonyezo mmoja, kwa mwanafunzi, ni sawa na kutokuwepo.

## Orodha au kisu

Njia za kutoka kwenye umbo hadi kidahizo ni mbili. Ya kwanza: zalisha maumbo yote mapema, yapange kwenye jedwali, kazi ya kutafuta iwe kuchungulia tu. Ya pili: mpe kompyuta kisu, akate miisho, aangalie kama kilichobaki ni shina linalojulikana.

William Whitaker, kanali wa Jeshi la Anga la Marekani, alichagua kisu. Programu yake, Words, aliyoiandika kwa lugha ya Ada, ilikuwa na vidahizo takriban 39,000 na jedwali la miisho, na ilienda vizuri kwenye kompyuta ambazo leo simu ya bei ya chini inazizidi kwa mbali. Kisu kina faida: kinashughulikia hata neno lisilokuwamo, kwa kukisia kwamba huu ni mwanzo unaojulikana na ule ni mwisho unaojulikana. Hasara yake ni hiyo hiyo. Kikipewa jina la mtu au kosa la uchapaji, kitakata tu, na kitatoa jibu kwa ujasiri ule ule.

Kwa Kilatini leo ningechagua orodha. Vidahizo 50,000 vinazaa mistari milioni chache, na hifadhidata ndogo kama SQLite haitoki jasho. Ugawe jedwali kwa herufi mbili za mwanzo, simu ipakue kipande inachohitaji tu, na seminari yenye mtandao wa kubahatisha itaweza kutumia kamusi nzima bila intaneti baada ya kupakua mara moja.

Kwa Kigiriki orodha inavimba: kuna kiambishi cha wakati uliopita mbele ya neno, silabi inayorudiwa, irabu zinazoungana, na lahaja za Homer, Herodotus na Sappho ambazo kila moja ina maumbo yake. Huko kisu kinahitajika, kikiwa na kanuni nyingi. Sanskriti ni zaidi, kwa sababu maneno jirani hubadilishana sauti mpakani na kuandikwa kama neno moja. Kabla ya kutafuta neno lazima kwanza uamue neno linaishia wapi.

Hata kwenye Kilatini kisu kidogo kinabaki mfukoni, kwa ajili ya mikia. -Que ni "na", -ne ni swali, -ve ni "au", na zote hushikamana na neno lililotangulia. Populusque ni populus pamoja na -que. Lakini atque, neque na usque ni maneno kamili. Homine haina swali lolote, ni homo, mtu, katika ablativu, umbo jingine la uhusika. Salve ni salamu. Kanuni inayofanya kazi: tafuta neno zima kwanza, likipatikana lionyeshe, kisha jaribu kukata mkia, na kama kilichobaki nacho kinapatikana, kionyeshe chini. Itaque inastahili majibu yote mawili, "kwa hiyo" na "na hivyo", na ni sentensi tu itakayoamua. Mecum, tecum, vobiscum ni chache. Ziandike kwa mkono.

Tahajia nazo zina mazoea mawili: adfero na affero, conloco na colloco. Mhariri mmoja huandika hivi, mwingine vile. Ziunganishe kwenye safu ya kutafutia. Na amasti ni amavisti aliyefupishwa. Jedwali lizalishe zote mbili.

Kupima? Chukua kitabu cha kwanza cha Vita vya Gallia cha Caesar, pitisha kila neno, kusanya yaliyokosa jibu, yapange kwa idadi ya kutokea. Juu kabisa utakuta majina ya watu na makabila, kisha vifupisho vya majina kama P. na Q., kisha namba za Kirumi. Chini ya hapo ndipo penye mambo: maumbo uliyosahau kuzalisha, na makosa ya mashine iliyosoma kitabu, rn iliyosomwa m, c iliyosomwa e.

Lakini asilimia ya maneno yaliyopata jibu ni kipimo chenye udanganyifu. Kisu kinachokisia kila kitu hupata asilimia mia.

## Kama kamusi inafungua kila kitu

Walimu wa Kilatini wana hoja dhidi ya mambo haya yote, na siidharau. Mwanafunzi anayelazimika kutambua mwenyewe kwamba tulerat ni ya fero amejifunza fero. Anayebandika neno akapewa "beba" amejifunza kubandika.

Nimeipindua hoja hii mara nyingi. Nilikoishia ni kwamba kosa liko kwenye kile skrini inachojibu. Jibu la "tulerat: beba" kweli ni sumu. Lakini skrini inaweza kujibu hivi: tulerat, shina tul- kutoka sehemu ya tatu ya fero, ferre, tuli, latum, wakati uliopita kabla ya uliopita, nafsi ya tatu umoja, "alikuwa amebeba". Hapo mwanafunzi ameonyeshwa njia, hatua kwa hatua, na kesho akiona sustulerat huenda akaifuata mwenyewe hadi tollo. Huenda asiifuate pia. Kitabu cha karatasi nacho hakikumlazimisha mtu. Wengi walifunga tu.

## Makosa yenye umri

Katika barua moja kwa rafiki yake Atticus ya mwaka 56 KK, Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Kirumi, anataja vibandiko vya ngozi vya kuandika majina ya magombo ya maktaba yake. Neno alilotumia ni la Kigiriki, sittybas. Wachapishaji wa karne ya 15 walilisoma vibaya wakaweka syllabos. Kosa likazaa neno la Kilatini, syllabus, neno likaingia Kiingereza, na leo walimu wa Kenya wanamaliza silabasi kabla ya mtihani. Collimare ni hivyo hivyo: ni collineare, "kulenga sawasawa", lililosomwa vibaya, wanasayansi walilichukua na bado wana vifaa vyenye jina hilo.

Je, maneno haya yafutwe kwenye kamusi? Nasema hapana. Msomaji wa Kilatini cha karne ya 17 atakutana na collimare na atalihitaji. Kitomeo kibaki, kiwekewe alama kwamba kimezaliwa na kosa, na kielekezwe kwa mzazi.

Makosa ya skana ni habari nyingine. Hayo yafutwe bila huruma. La hila zaidi ni alama ya kikombe, ă, inayoonyesha irabu fupi. Mashine hupenda kuisoma kama ǎ yenye ncha. U+0103 na U+01CE. Kwa macho yaliyochoka hakuna tofauti, na katika kutafuta zote zinafutwa, kwa hiyo kosa linaweza kuishi miaka kwenye safu ya kuonyesha bila mtu kulalamika. Orodhesha mara moja kila herufi inayotumika kwenye faili nzima na idadi yake. Dakika tano, na wavamizi wote wanaonekana.

## Mjomba wa Warumi

Sasa maana kwa Kiswahili. Njia rahisi ni kupitisha Kiingereza cha 1879 kwenye programu ya kutafsiri, na matokeo ni kamusi ya Kiingereza iliyovaa kanzu. Virtus inakuwa "wema" kwa kupitia neno la Kiingereza linalotokana nayo, wakati mzizi wake ni vir, mwanamume, na askari wa Caesar waliokuwa nayo walikuwa na ushujaa. Pietas inakuwa "ucha Mungu", na wajibu kwa wazazi na nchi unapotea njiani.

Ajabu ni pale ambapo Kiingereza kinachechemea na Kiswahili kinatembea. Avunculus ni kaka wa mama: mjomba, basi. Amita ni dada wa baba: shangazi. Kiingereza kina neno moja kwa kaka wa baba na kaka wa mama, kwa hiyo Lewis na Short wanalazimika kueleza kila mara ni upande gani. Sisi hatuhitaji. Patruus, kaka wa baba, ni ami kwa watu wa pwani. Bara watasema baba mkubwa au baba mdogo, na hapo inabidi kuandika vyote viwili, kwa sababu Kilatini hakiulizi nani alizaliwa kwanza. Matertera vilevile, mama mkubwa au mama mdogo.

Na saa. Hora tertia ni saa tatu asubuhi. Warumi walihesabu kuanzia jua linapochomoza, kama sisi, na Biblia za Kiswahili hutafsiri saa za yule mwenye shamba la mizabibu bila tanbihi yoyote: saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na moja. Tahadhari moja iwekwe kwenye kitomeo: saa ya Kirumi ilikuwa sehemu moja ya kumi na mbili ya mchana, kwa hiyo huko Roma ilirefuka hadi karibu dakika 75 katikati ya kiangazi na kufupika hadi karibu 45 katikati ya majira ya baridi. Kwetu karibu na ikweta tofauti hiyo isingesumbua mtu.

Kidahizo chenyewe pia kinatulia kwa Kiswahili. Amo maana yake ni "napenda", lakini kamusi za Kiingereza huandika "kupenda", na mwanafunzi hubaki na mkanganyiko wa miezi. Kwetu kamusi huandika shina, penda, lisilo na nafsi wala wakati. Hilo shina ndilo ningeliweka, na "napenda" pembeni kwa herufi ndogo.

## Skrini moja

Turudi kwa msomaji wa Periplus. Ameandika rapton, kwa herufi zetu, bila alama. Skrini inayostahili ni hii:

ῥαπτῶν, jenitivu ya wingi ya ῥαπτός: vya kushonwa, vilivyoshonwa.

ῥάπτων, kutoka ῥάπτω: anayeshona, akishona (mwanamume mmoja).

Ῥάπτων, jenitivu ya Ῥάπτα: ya Rhapta, bandari ya Azania.

Na chini yake, kwa rangi hafifu: umeandika bila alama za juu, zikiwepo kwenye kitabu chako, ziongeze, jibu lako litatangulia.

Katika sura ya 16 jibu ni la kwanza, kwa sababu πλοιαρίων, "vya mashua ndogo", limekaa ubavuni mwake na yote mawili yako katika jenitivu ya wingi. Kamusi ya leo haijui hilo, kwa kuwa imepewa neno moja tu. Ikipewa mawili, ῥαπτῶν πλοιαρίων kwa pamoja, ingeweza kuangalia kama yanakubaliana kwa jinsia, idadi na uhusika, kama tunavyoangalia vyombo na vilivyoshonwa. Jedwali lina safu zote zinazohitajika kwa kazi hiyo. Kisanduku cha kutafutia ndicho kinachokata kila kitu baada ya nafasi ya kwanza.